Kushuka njo kunachokesha: tramu na treni za Karlsruhe

Leo ninawapeleka mbali kidogo, mpaka Karlsruhe, mji wa kusini-magharibi ya Ujerumani. Lakini safari yetu inaanzia hapa kwetu, kwenye gare ya Lubumbashi.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu kutoka Kalemie. Siku ya treni kufika, sisi watoto tulikuwa tunaenda kumpokea. Mizigo ikishashuka, hapo ndipo pesa ilikuwa inaanza kutoka: wa kubeba mpaka nje ya gare, mwenye pusi-pusi mpaka barabarani, halafu taksi mpaka soko. Siku moja nilimuuliza kama safari ya siku nyingi ilimchokesha. Akajibu: “Mutoto wangu, treni haichokeshe. Kushuka njo kunachokesha.”

Nilicheka. Nilikuja kuelewa ile sentensi miaka mingi baadaye, nilipoandika TFC yangu juu ya historia ya reli na kuweka sura nzima juu ya Karlsruhe. Nilijaza kurasa kwa volti, magurudumu na injini. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja wa juri akafunga kazi yangu, akaniuliza: “Mashine tumeziona. Na watu je? Ni nani alikubaliana na nani?” Nilibaki kimya. Makala hii ni jibu langu, hata kama limechelewa.

Tuanze na shida yenyewe. Zamani gare kubwa ya Karlsruhe ilikuwa karibu na katikati ya mji. Mnamo 1913 walifungua gare mpya, nzuri na pana, lakini upande wa kusini, karibu kilometa 2 kutoka Marktplatz, ambako ndiko moyo wa mji. Kwa treni ilikuwa faida. Kwa abiria ilikuwa hasara. Mtu aliyetoka vijijini kwenda kazini au dukani alishuka kwenye treni, akapita ndani ya jumba la gare, akatoka nje, akangoja tramu. Tramu ilikuwepo, inasimama palepale mbele ya gare. Treni iko huku, tramu iko kule, hatua chache tu kati yao. Reli zao zilikuwa na upana uleule, milimita 1,435. Na bado hakuna gari lililoweza kutoka upande mmoja kuingia upande mwingine. Kila siku maelfu ya watu walishuka na kupanda tena, na waliochoka na hayo walinunua gari lao.

Kwa nini isiwezekane? Kwanza, umeme. Tramu ya mjini ilikula volti 750 za mkondo mnyoofu, ule usiogeuka kama wa betri. Treni za taifa zilikula volti 15,000 za mkondo geu. Ukiichukua tramu ya kawaida ukaiweka chini ya waya wa treni, umeiunguza. Pili, magurudumu. Reli ya barabarani ina mfereji mwembamba, na gurudumu la treni lina ukingo mnene kuliko ule mfereji. Tatu, nguvu ya bodi. Treni imejengwa ivumilie mgongano mkubwa, tramu ni nyepesi. Nne, na hapa ndipo mwalimu wangu alikuwa ananisubiri, sheria. Tramu ilikuwa na kitabu chake cha kanuni, treni kitabu chake, na kila kitabu kilikuwa na ofisi yake. Waliofanya kazi kwenye ofisi moja hawakuwa na sababu yoyote ya kufungua kitabu cha ofisi nyingine.

Mtu ambaye jina lake linarudi kila mara katika historia hii ni Dieter Ludwig. Kuanzia 1976 aliongoza usafiri wa mji wa Karlsruhe, pamoja na kampuni ya njia ya bonde la Alb, ile AVG. Hakuanza na sifuri. Hiyo AVG ilianzishwa 1957 ili kuchukua reli ndogo ya zamani iliyokuwa inaenda Bad Herrenalb. Reli hiyo ilikuwa na upana wa meta 1 tu. Waliipanua kidogo kidogo mpaka ikalingana na ile ya tramu za mji, na kazi ikaisha 1966. Basi watu wa bonde wakaanza kuingia mjini bila kushuka. Hilo lilikuwa somo la kwanza.

Somo la pili lilikuja 1979, upande wa kaskazini, Neureut. Pale kulikuwa na reli ya shirika la taifa iliyokuwa inapitisha treni za mizigo peke yake. Mji ulikubaliana na shirika: tramu zitapita juu ya reli ileile, na treni za mizigo zitaendelea kupita pia. Hapo waya uliwekwa wa tramu, maana treni za mizigo zilivutwa na injini za dizeli na hazikuhitaji waya. Ona ujanja wake: hawakuanza na mlima mrefu. Walianza na mahali ambapo jirani hakuwa na kitu kikubwa cha kupoteza.

Ndipo wakajipa moyo wa kushika lile gumu. Miaka ya 1980 waliifanyia utafiti na majaribio tramu ya kula umeme wa aina mbili. Ndani yake waliweka transfoma na vifaa vya kugeuza mkondo. Gurudumu walilichonga sura mpya inayokubali reli zote mbili. Kuhusu bodi nyepesi, hoja yao ilikuwa rahisi na mimi naipenda sana: kama gari haliwezi kuvumilia mgongano sawa na treni, basi liwe na breki kali kuliko treni, ili mgongano usifike. Tramu ina breki za sumaku zinazoshika reli, na inasimama kwa umbali mfupi sana. Wenye kitabu cha treni walikubali hoja hiyo, kwa masharti, na kati ya masharti kulikuwa kupunguza mwendo: kilometa 100 kwa saa, si zaidi.

Kati ya Durlach na Grötzingen wakajenga kipande cha reli cha kuunganisha njia ya tramu na ile ya treni. Juu yake kuna sehemu ambayo waya hauna umeme. Gari linapita pale kwa kasi yake lenyewe, linabadilisha chakula chake, linaendelea. Abiria hajui kitu.

Tarehe 25 Septemba 1992 njia ya kwanza ilifunguliwa mpaka Bretten, mji mdogo ulio zaidi ya kilometa 20 kutoka Karlsruhe. Waliongeza pia vituo vipya njiani, karibu na nyumba za watu, maana tramu inasimama na kuondoka haraka kuliko treni nzito. Kwenye vituo vya zamani, tramu ikasimama kwenye reli zilezile za treni za taifa, kila moja kwa zamu yake. Kabla ya hapo, abiria wa njia ile walikuwa karibu 2,000 kwa siku. Baada ya wiki chache walipita 8,000. Shirika la reli la taifa lenyewe liliishia kununua magari 4 ya aina hiyo. Aliyekuwa mlinzi wa mlango akawa mwenye hisa ndani ya nyumba.

Heilbronn nayo ni ya kukumbuka. Mji huo uling'oa tramu zake 1955, wakati kila mtu aliamini kuwa gari binafsi ndiyo maendeleo. Mwaka wa 2001 magari ya Karlsruhe yaliingia katikati ya mji huo, juu ya reli mpya za barabarani. Tuseme ukweli: kung'oa ni kazi ya haraka, kurudisha kunaomba kizazi kizima.

Lakini tusitunge hadithi ya malaika. Mafanikio yalileta msongamano. Tramu zote zilitaka kupita Kaiserstraße, barabara moja ya maduka, na watu wakaanza kulalamika kwamba ni ukuta wa magari. Raia walipigia kura mradi wa njia ya chini ya ardhi mnamo 1996, wakaukataa. Wakaulizwa tena 2002 juu ya mpango uliobadilishwa, wakakubali. Tuneli ilifunguliwa Desemba 2021, kwa gharama iliyopita sana ile ya mwanzo. Hata kukubaliana na raia ni sehemu ya ufundi.

Sasa turudi kwetu, maana na sisi tuna historia ya namna hii. Zamani, mzigo uliotoka Albertville, yaani Kalemie, kwenda Elisabethville, ulifika Kabalo kwa reli ya upana wa meta 1. Pale ulishushwa, ukapakiwa kwenye meli ya Lualaba mpaka Bukama, ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine ya upana wa milimita 1,067. Mnamo 1955 reli ya upande wa Kalemie ilipanuliwa ilingane na ile ya Katanga, na 1956 kipande cha kutoka Kabalo mpaka Kamina kikakamilika. Kampuni mbili, mitandao miwili, ikawa njia moja. Mama yangu alipita Kabalo amelala juu ya mizigo yake, bila kujua kwamba miaka ya nyuma wangemwamsha ashuke.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, jibu ni hili: mashine ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni watu wa ofisi mbili zilizokuwa jirani kwa miaka na miaka, ambao mwishowe walikaa meza moja, kila mmoja akafungua kitabu chake na kukubali kubadilisha ukurasa. Sisi wenye diploma tunapenda kusema kwamba nchi inakosa mashine. Mara nyingine mashine ziko, zinaangaliana, na kinachokosekana ni ile meza.

Wiki iliyopita nilimsimulia mama habari hii yote kwa simu. Alisikiliza, halafu akauliza jambo moja tu: “Na bale batu ba ku vijiji, treni inabashusha wapi?” Nikamwambia, mama, Marktplatz, maana yake Uwanja wa Soko. Akanyamaza kidogo, akasema: “Ku soko kabisa? Basi bale balifikiri.”