Supachaja gani? Tuulize Safari Rally

Wadau wa Songea, kabla hamjamwaga pesa kwenye supachaja tuangalie historia kidogo. Lancia 037 ya Safari Rally ilifungwa supachaja ya Roots: inazungushwa na mkanda wa injini, ukikanyaga mafuta nguvu ipo palepale. Ya sentrifugo hutoa nguvu mizunguko ikishapanda. Kwa milima ya Lukumburu, Roots inafaa zaidi.

Lakini Kenya, Markku Alén na 037 alikuwa wa 4 mwaka 1984, wa 3 mwaka 1986. Toyota Celica ya tabo, inayosubiri moshi wa ekzozi, ilishinda 1984, 1985 na 1986! Kwenye maelfu ya kilomita za vumbi na matope, kufika ndiyo kazi. Basi breki na rejeta kwanza. Mnasemaje?