Shela: Nyumba za Urithi Mikononi mwa Soko

Watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, husimulia asili yao wakinyoosha mkono ng'ambo ya mkondo, kwenye kisiwa cha Manda. Huko ndiko ulikokuwa Takwa, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na wenyeji wa Shela wangali wakivuka kwenda kuomba dua penye kaburi la mnara lililobaki kule. Mnamo 1812 hivi, majeshi ya Pate na ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa yalivunjwa na watu wa Lamu kwenye ufuo wa Shela. Washindi hao wakamwita Sayyid Said wa Oman awalinde, ngome ya Lamu ikakamilika 1821, na neema ya majahazi ikafika hadi Shela. Msikiti wake wa Ijumaa ni wa 1829.

Neema hiyo ndiyo iliyojenga nyumba za mawe zinazogombaniwa leo. Ni nyumba za matumbawe na chokaa, na urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wa chumba. Mgeni alikomea dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni. Kutoka hapo hadi kiwandani (ua wa ndani), kisha misana (vyumba virefu vinavyofuatana), kisha ndani kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), kila hatua ilikuwa na mtu wake anayeruhusiwa. Binti akiolewa, baba mwenye uwezo alimpa nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia. Wikio, daraja la kuunganisha nyumba mbili, likavuka njia juu kwa juu ili mama, binti na shangazi watembeleane pasipo kushuka barabarani. Mtaa ukawa ni ukoo uliojengwa kwa mawe. Ukiuza nyumba moja humo, umeuza na ujirani wa dada zako.

Utajiri huo ulitegemea pia jasho la watumwa katika mashamba ya bara, jambo ambalo halifai kufichwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, mashamba yalidorora. Familia zikahamia Malindi na Mombasa, paa zikaporomoka, miti ikamea vyumbani.

Hoteli ya Peponi ilifunguliwa 1967. Kuanzia miaka ya 1970 Wazungu walianza kununua magofu yale kwa bei iliyokuwa rahisi kwao. Haki isemwe: wengi waliyafufua kwa uangalifu, na mafundi wa chokaa na maseremala wa milango wa Lamu wakapata kazi ya kuendeleza ufundi ambao huenda ungekufa. Mji mkongwe wa Lamu ulipotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, jina la kisiwa likavuma zaidi na bei zikapaa. Mvuvi wa Shela akawa anashindania kiwanja na mtu anayepima thamani kwa yuro, ambaye huenda atalala humo majuma machache kwa mwaka. Utekaji nyara wa wageni katika eneo la Lamu mwaka 2011 ulipowakimbiza watalii, ndipo ilipoonekana wazi ni nyumba ngapi zinawategemea watu wasiokaa.

Wauzaji nao wasilaumiwe kwa pupa. Mzee akifariki, nyumba hugawika kisheria kwa warithi wengi, na hakuna mmoja mwenye uwezo wa kuwalipa wenzake mafungu yao. Dalali akija na mnunuzi, fedha zinaonekana nyingi. Zikishagawanywa kwa watoto, wajane na wajukuu, fungu la mmoja halitoshi kununua hata chumba katika mtaa uleule. Mrithi huyo anakwenda kujenga pembeni, na anarudi Shela asubuhi kuwa mlinzi au mpishi penye nyumba aliyozaliwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko kupanda kwa bei kwenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi milele. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini miaka 99 inatosha kuwafanya wajukuu wasahau. Kwa hiyo nawasihi warithi ambao bado wana nyumba: kodisheni kwa miaka michache, au iwekeni wakfu kwa kizazi chenu, na mkataba wowote usomwe na wakili wenu wenyewe kabla hamjatia saini. Na serikali ya kaunti iwatafutie warithi mikopo isiyo na riba, ili ndugu aweze kununua fungu la ndugu yake kabla dalali hajabisha hodi.