Adhabu Bila Tiba: Dereva Mlevi, Sheria na Kanisa katika Historia ya Upare

Historia ya ulevi barabarani nchini Tanzania ni, kwa sehemu kubwa, historia ya adhabu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza mtu aliyelewa kuendesha gari, na anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini, kifungo au kufungiwa leseni. Afanyiwe nini mtu ambaye hawezi tena kuiacha pombe, hilo halikuwa kiini chake.

Kwa kijana wa Mhezi, katika milima ya wilaya ya Same, suala hili si la nadharia. Udereva ni mojawapo ya njia za kutoka shamba la mlimani na kushukia barabara kuu. Leseni ikifungwa, anarudi alikotoka akiwa na kiu ileile.

Hata hivyo, Upare ulikuwa na utaratibu wa kumtoa mtu katika ulevi kabla ya mahakama hizo. Wamisionari Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani, walioanza kazi Giti mwaka 1903, walidai mwongofu aache pombe kabla ya ubatizo. Dai hilo lilikuwa zito, kwa sababu dengelua, pombe ya miwa, haikuwa kiburudisho tu: ilihusika na matambiko, mahari na ujirani. Aliyeiacha alijitenga na ukoo, na kanisa lililazimika kumpa jamaa wengine: darasa la ubatizo, wazee, Sabato ya kila juma. Ninauona utaratibu huo kuwa karibu na tiba kuliko sheria ya 1973, ingawa kasoro yake ilikuwa kubwa. Aliyerudia pombe aliweza kuondolewa ushirika, yaani alipoteza msaada wakati alipouhitaji zaidi.

Tiba ya serikali ilipopanuka ilielekea kwingine. Huduma ya methadoni, iliyoanza Muhimbili Februari 2011, inatibu uraibu wa heroini na jamii yake. Haimfai mnywaji wa gongo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 iliifikia Same kwa sababu ya mirungi, ambayo madereva wa masafa marefu huitafuna wasisinzie na ambayo mashamba yake wilayani humo yameteketezwa. Dereva aliyetafuna mchana na kunywa jioni anagawanywa hivyo kati ya sheria mbalimbali, na hakuna inayomtazama mzima.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ilifungua mlango mdogo, kwa kuwa inawaruhusu baadhi ya waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya gereza. Lakini kazi hiyo, iwe kufagia au kulima, ni kazi tu. Ikiisha, mhukumiwa hupita mlangoni pa kilabu kilekile.