Ugomvi uliotuletea mkongo

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Kaskazini zaidi, SEACOM ulikuwa umeshakatika Bahari ya Shamu tangu Februari. Tanzania ikabaki karibu bila intaneti. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafungia umma milango kwa siku mbili. Kenya iliyumba ila haikuzama, kwani ilikuwa na TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, bila kupitia njia hizo mbili.

TEAMS ulizaliwa kwa ugomvi ambao wengi wameshausahau.

Mwambao wetu ulionana na nyaya za baharini zamani: wa telegrafu ulitua Zanzibar mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash. Lakini Afrika Magharibi ilipopata mkongo wa SAT-3 mwaka 2002, sisi bado tulikuwa tukirusha barua pepe hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, kwa bei ya kutoa machozi.

Wazo la EASSy lilikuja mwaka 2003. Kampuni za simu zilitaka chama cha wenyewe kwa wenyewe: aliyechangia ndiye anayeuza, tena kwa bei aitakayo. Serikali, zikipitia NEPAD, mpango wa maendeleo wa Afrika, zikasema la, mkongo uwe wazi kwa kila mnunuzi, na sisi tuwe na kauli. Vikao vikazaa vikao. Nairobi ikanung'unika kwamba Afrika Kusini inataka kushika usukani. Agosti 2006 ikaandikwa Itifaki ya Kigali kuhusu usimamizi wa mkongo, na badala ya kumaliza mabishano ikayachochea.

Hapo Kenya ikachoka. Wizara ya habari, Bitange Ndemo akiwa Katibu wa Kudumu, ikaenda kuafikiana na kampuni ya simu ya Etisalat ya Falme za Kiarabu. Gharama: takriban dola milioni 130, asilimia 85 ya hisa ikibaki kwa serikali na kampuni za Kenya. Kiburi? Kilikuwepo, na kwa maoni yangu kilitufaa. Juni 12, 2009, Rais Mwai Kibaki akaupokea mkongo Mombasa. SEACOM, wa wawekezaji binafsi, ukauwahi kwa kuwaka Julai 23, ingawa maharamia wa Kisomali walikuwa wameuchelewesha. EASSy, ulioanza kujadiliwa kabla ya wote, ukawaka 2010.

Cha ajabu ni udogo wa mkongo wenyewe. Kwenye kina kirefu unene wake hauzidi mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Karibu na pwani huvikwa nyaya za chuma, ila chuma hicho hakikufua dafu Februari 2012, pale meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilipotia nanga mahali palipokatazwa na kuukata TEAMS.

Mikongo mingine imetua tangu hapo, PEACE na 2Africa ikiwemo. Lakini Mei ile ya 2024, mafundi walisubiri meli ya kutengeneza mikongo, Léon Thévenin, itoke Cape Town. Serikali zilizobishana miaka mitatu juu ya nani aumiliki mkongo zingeweza kukaa hata kikao kimoja juu ya nani atautengeneza.