Emacs: Makosa ya kompaila baada ya kuweka toleo jipya

Emacs, programu ya kuandikia matini iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1985 chini ya mradi wa GNU, huweza kumwaga ujumbe wa makosa mara tu mtumiaji anapoweka toleo jipya. Aghalabu programu haijaharibika. Vipande vyake ndivyo visivyolingana.

Hatua ya kwanza ni kuianzisha kwa amri emacs -Q, ambayo huruka mipangilio ya mtumiaji. Makosa yakitoweka, chanzo kimo katika mipangilio hiyo au vifurushi vya ziada.

Vifurushi hivyo huwa na faili za .elc, ambazo huenda zilikompailiwa na toleo la zamani. Tangu toleo la 29, la mwaka 2023, amri package-recompile-all huzikompaili upya.

Toleo la 28, la Aprili 2022, lilileta uwezo wa kugeuza maagizo ya Lisp kuwa lugha ya mashine kwa msaada wa maktaba ya libgccjit, ambayo ni sehemu ya kompaila ya GCC. Ujumbe "error invoking gcc driver" huonyesha kuwa maktaba hiyo imeshindwa kuendesha GCC. Yafaa kuhakikisha kwamba vyote viwili ni vya toleo moja na vinafikika.

Folda ya eln-cache yaweza kufutwa Emacs ikiwa imefungwa, kwani huundwa upya. Faili ya init.el isifutwe kamwe kabla ya kunakiliwa: hiyo ni kazi ya mtumiaji mwenyewe, na hakuna kompaila iwezayo kuirudisha.