Mstari wa Nyakati Ukutani: Namna ya Kuwafundisha Watoto Historia Nyumbani

Mstari wa nyakati ni mchoro au kamba inayoonyesha matukio kwa mfuatano wake: la kale likitangulia, la karibuni likifuata, na umbali kati ya tukio moja na jingine ukilingana na miaka iliyopita kati yake. Walimu wetu wa shule wanakifahamu kifaa hiki. Katika makala hii tunaeleza jinsi wazazi na walezi wa Handeni na Korogwe wanavyoweza kukitengeneza nyumbani, ili mtoto aione historia ya familia yake, ya nchi yake na ya Kanisa lake kwa mtazamo mmoja.

Kwa nini nyumbani

Mafundisho ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria masomo. Aidha, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Parokiani nako kuna katekesi. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba kazi hiyo ikikosekana ni vigumu kuifidia. Kati ya Machi na Juni 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, familia nyingi ziliuona ukweli huo kwa macho.

Kuna jambo ambalo shule na katekesi, kila moja peke yake, haziwezi kulikamilisha. Mtoto hujifunza habari za Ibrahimu na Musa Jumamosi, za Mkwawa na Kinjekitile Jumatatu, na za babu yake jioni akiwa jikoni. Habari hizo hukaa kichwani mwake kama nafaka za magunia matatu tofauti. Hajui nani alitangulia, wala nani aliishi wakati mmoja na nani. Kisha akifika sekondari huulizwa swali, au hujiuliza mwenyewe: je, dini yetu si mali ya wakoloni? Kijana asiyejua mfuatano wa mambo hana la kujibu. Ama hunyamaza kwa aibu, ama huiacha imani polepole akidhani ni nguo ya kuazima.

Msingi katika Maandiko na liturujia

Kufundisha historia kwa ishara inayoonekana si jambo geni kwetu. Katika sura ya nne ya kitabu cha Yoshua, Waisraeli waliovuka Yordani walisimamisha mawe kumi na mawili kule Gilgali, ili watoto wa kizazi kijacho wakiyaona waulize maana yake, na baba zao wawasimulie. Tuangalie utaratibu huo: jiwe kwanza, swali la mtoto pili, simulizi la mzazi tatu. Mwinjili Luka naye, katika sura ya tatu, anaiweka huduma ya Yohane Mbatizaji katika mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, akiwataja pia watawala na makuhani wakuu wa wakati huo. Katika Kanuni ya Imani tunamtaja Ponsyo Pilato kila Dominika, kwa sababu wokovu wetu ulitendeka katika tarehe na mahali. Na kila Kesha la Pasaka tarakimu za mwaka huo huchorwa juu ya Mshumaa wa Pasaka, kati ya Alfa na Omega.

Kanisa lina mfano mwingine mashuhuri. Mwaka 1839, padre mmisionari François Norbert Blanchet, aliyefanya kazi miongoni mwa wenyeji wa Oregon huko Amerika ya Kaskazini, alichonga alama juu ya kijiti bapa: alama 40 kwa karne 40 zilizohesabiwa kabla ya Kristo, nukta 33 kwa miaka ya maisha yake duniani, kisha alama 18 na nukta 39 kufikia mwaka ule. Baadaye alama hizo zilihamishiwa kwenye karatasi, zikaitwa Ngazi ya Kikatoliki. Watu wasiojua kusoma waliweza kuibeba historia ya wokovu mkononi na kuwaeleza wenzao.

Vifaa na vipimo

Kwetu hakuna haja ya kununua kitu cha gharama. Korogwe ni nchi ya mkonge. Kamba ya katani ya meta 2 na nusu inatosha. Ongeza vibanio vya nguo, karatasi za manila zilizokatwa kadi ndogo, na kalamu za rangi. Chagua rangi tatu: moja kwa familia, moja kwa nchi, moja kwa Kanisa. Tengeneza kamba mbili, moja juu ya nyingine.

Kamba ya juu ni ya miaka yote tangu kuzaliwa kwa Kristo. Kila karne ipewe sentimita 10, na kamba itafika meta 2 na kitu. Mtoto wa miaka 10 ataona kwamba maisha yake yote ni sentimita 1 tu. Somo hilo la unyenyekevu hulielewa bila kuhubiriwa.

Kamba ya chini ni ya historia ya karibu, tangu mwaka 1830 hadi leo. Hapa kila mwaka upewe sentimita 1. Urefu wake utakuwa karibu meta 2.

Kadi za kuanzia

Kwa kamba ya juu tunapendekeza kadi chache: uhuru wa Wakristo kuabudu katika Dola la Roma (313), Mtaguso wa Nisea (325), Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini (354 hadi 430), Hijra, ambapo majirani na ndugu zetu Waislamu huanzia kalenda yao (622), kufika kwa Vasco da Gama pwani yetu (1498), na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965). Katika karne ya nne iongezwe kadi ya ufalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, uliopokea Ukristo wakati huo.

Kwa kamba ya chini:

- Miaka ya 1830: njaa inawasukuma Wazigua wengi katika mikono ya wauza watumwa, baadhi wanapelekwa Somalia.
- 1848: mmisionari Mprotestanti Johann Ludwig Krapf anamtembelea mfalme Kimweri huko Usambara.
- 1868: Mapadre wa Roho Mtakatifu wanaanza misheni Bagamoyo.
- 1873: soko la watumwa la Zanzibar linafungwa.
- 1884: Carl Peters anakusanya mikataba ya hila, Uzigua na Unguu ni miongoni mwa nchi zinazotajwa ndani yake.
- 1893: mkonge unaletwa nchini na Richard Hindorf, na ujenzi wa reli unaanza Tanga.
- 1902: reli inafika Korogwe.
- 1916: majeshi ya Uingereza yanaingia Korogwe na Handeni.
- 1950: Tanga inakuwa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1958 inakuwa Jimbo.
- 1960: Askofu Laurean Rugambwa anakuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika.
- 1961: Uhuru wa Tanganyika.
- 1967: Azimio la Arusha, na baada yake vijiji vya ujamaa.
- 1990: Papa Yohane Paulo II anaitembelea Tanzania.
- 1994 hadi 2020: uaskofu wa Anthony Banzi katika Jimbo la Tanga.
- 2022: familia kutoka Ngorongoro zinaanza kuhamia Msomera, Handeni.

Kamba inavyojibu swali la kijana

Turudi sasa kwenye swali la dini na ukoloni. Mwambie kijana apime kwa rula. Kati ya Bagamoyo na mikataba ya Peters ataona sentimita 16. Kati ya Krapf na mikataba hiyo, sentimita 36. Kisha atazame kamba ya juu: Augustino na Aksum wako mbali zaidi ya karne kumi na nne nyuma ya mkoloni yeyote wa Kijerumani. Ukristo ulikuwa Afrika kabla haujafika katika nchi nyingi za Ulaya ya Kaskazini.

Lakini tusiitumie kamba kuficha. Mwaka 1505 Wareno, Wakristo kwa ubatizo kama sisi, waliipora Kilwa na Mombasa. Kadi hiyo nayo itundikwe. Vilevile, baada ya mwaka 1885 misheni nyingi ziliendelea kufanya kazi chini ya kivuli cha serikali ya kikoloni, na si kila mmisionari alipinga maovu yake. Mtoto aliyeonyeshwa yote mawili hatatikiswa akiambiwa nusu ya ukweli na mtu mwingine. Imani inayoogopa tarehe haitamsaidia.

Familia ndani ya historia

Kadi za familia ndizo zinazoipa kamba uhai. Anza na ubatizo wa mtoto mwenyewe, ndoa ya wazazi, kuzaliwa kwa bibi na babu. Wazee wasiojua mwaka waliozaliwa huukumbuka kwa tukio: kabla ya Uhuru, wakati wa kuhamia vijijini, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Rejesta ya ubatizo ya parokia huweza kuthibitisha tarehe. Cheti cha ubatizo kitafutwe na kusomwa pamoja. Kazi hii haifai kuahirishwa, kwani kila mazishi ya mzee huondoka na kadi ambazo hakuna mwingine atakayeziandika.

Handeni ina ushuhuda mkubwa wa jambo hili. Wazigua wale waliopelekwa Somalia walijikomboa, wakaishi kando ya mto Juba, na kwa vizazi kadhaa wakaitunza lugha ya Kizigua pamoja na simulizi za walikotoka. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia. Ni zaidi ya sentimita 150 za kamba yetu. Kumbukumbu iliyosimuliwa nyumbani ndiyo iliyowaonyesha njia ya kurudi.

Kwa kila umri

Watoto chini ya miaka 7 wapewe picha tu: mtoto mchanga, mwanafunzi, mama, bibi; wazipange kutoka zamani hadi leo. Wa miaka 7 hadi 10 waandike kadi zao na kupima kwa rula. Wenye miaka 11 na zaidi waulizwe sababu: kwa nini reli ilipita hapa, nani alinufaika, nani alilima mkonge, nani hakuandikwa. Kadi moja kwa juma inatosha. Dominika baada ya Misa ni wakati mzuri, na Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuwaalika wazee wasimulie.

Tahadhari

Kwanza, Adamu na Hawa wasipewe mwaka. Blanchet alihesabu karne 40 kwa desturi ya wakati wake. Kanisa halitufundishi kuisoma Mwanzo kama kalenda. Kwa Ibrahimu na Daudi tuseme "takribani". Pili, kamba isigeuzwe mtihani wa kukariri. Tatu, zipo kadi zinazouma: kifo, baba asiyejulikana, ndoa iliyovunjika. Mtoto asilazimishwe kuzitundika. Aachiwe nafasi tupu, na mzazi akae naye atakapokuwa tayari kuuliza.

Mwisho wa kamba uachwe na urefu wa ziada. Sehemu hiyo ni ya watoto wenyewe, na ni ya Bwana tunayemngojea arudi.