Utafiti ulivyobadili dawa ya malaria nchini

KWA miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza kupewa mgonjwa wa malaria nchini Tanzania. Ilikuwa ya bei nafuu na wananchi waliizoea, ingawa baadhi yao iliwawasha mwili.

Hata hivyo, watafiti waliowafuatilia wagonjwa baada ya matibabu walibaini kuwa vimelea vimejenga usugu. Kutokana na matokeo hayo, mwaka 2001 Serikali iliiondoa klorokwini na kuweka SP mahali pake. Usugu dhidi ya SP nao ulipoongezeka, mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa ya mseto, ALu, ambayo ni ghali zaidi.

Miongoni mwa taasisi zinazofanya kazi hiyo ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dawa ibadilishwe pale inaposhindwa kuwatibu wagonjwa kwa kiwango cha asilimia 10 au zaidi.

Ufuatiliaji huo bado unahitajika. Tangu mwaka 2020 watafiti wameripoti nchini Rwanda, na baadaye mkoani Kagera, vimelea vinavyochelewa kuisha mwilini mgonjwa anapotumia dawa ya mseto, ingawa dawa hiyo bado inaponya wengi. Bila takwimu za aina hiyo, Serikali ingelitambua tatizo wodini, wakati wagonjwa wameshapoteza maisha.